Allelujah: nililala na hasira

Nisameheni nikiwaharibia mwisho wa filamu hii ya Allelujah, maana bila kuutaja siwezi kueleza kilichonikera.

Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Uingereza, aghalabu zamu za usiku. Niliposikia kuna filamu ya daktari mhamiaji katika hospitali ya wazee huko Yorkshire, niliitengea usiku wangu wa mapumziko. Mwanzoni nilijiona niko kazini kabisa. Daktari Valentine anawapenda wale wazee kwa dhati. Judi Dench, anayeigiza mmoja wa wagonjwa, amejikunyata kimya, hamsumbui mtu, lakini hakuna kinachompita. Mzee Joe, mchimba makaa wa zamani, anazozana na mwanawe Colin, yule mshauri wa waziri anayetaka hospitali ifungwe. Nilicheka mpaka nikamwamsha mume wangu.

Halafu Sista Gilpin, muuguzi mkuu wa wodi.

Wodi yake inang'aa, hainuki, kila mtu anamsifu, hata tuzo anapewa. Kumbe mzee akianza kujikojolea, anammaliza kwa dawa! Na Joe wangu yumo. Nilisimamisha filamu nikaenda kusimama jikoni, mikono inatetemeka.

Jamani, shuka iliyolowa ndiyo kazi yenyewe. Saa tisa usiku kengele inalia, unamkuta bibi wa watu amejaa aibu, anakuomba radhi. Unamwambia si kitu. Unaleta maji ya moto na taulo, unamgeuza polepole kwa ule upande usiouma, unatandika shuka kavu, unamfunika kabla baridi haijamwingia. Dakika kumi, labda kumi na tano. Joe alihitaji hizo tu. Sasa mtoto wa huyo bibi akiitazama filamu hii, kesho ataniangalia kwa jicho gani? Na tangazo linasema ni vichekesho!

Jennifer Saunders anamwigiza Gilpin vizuri mno, ndiyo maana inauma. Anavyotembea wodini ni sista kweli, nimefanya kazi na masista wa namna hiyo nikawaheshimu. Alan Bennett aliiandika kwanza kama tamthilia, mwaka 2018, na naona alichokusudia: hospitali ikipimwa kwa vitanda vilivyo wazi, atatokea wa kuviacha wazi. Sawa. Lakini kwa nini lawama aibebe muuguzi, na wanaohesabu vitanda wabaki na suti zao?

Nilikuwa nimeamua nyota moja. Kisha nikaimalizia, nikafika pale korona imeingia na Daktari Valentine anatugeukia sisi watazamaji, anatueleza. Nilikumbuka majina. Wazee wetu sita, mwezi mmoja. Nililia mpaka nikashindwa kuona kioo.

Nyota tatu, basi. Au nne, sijui. Jana mama alinipigia kutoka Voi akauliza kama ni nzuri. Nikamwambia ni nzuri sana, kisha nikamsihi asiitazame.