Polikliniki moja ya Katuba, Lubumbashi: matibabu mazuri, karatasi mbaya

Kwa upasuaji wa dharura na materinite, yaani wodi ya uzazi, polikliniki hii inastahili sifa. Anayefika akivuja damu huingizwa kwanza, na kosyo, yaani pesa ya kutanguliza, hudaiwa baadaye. Ndivyo inavyopaswa, ingawa si kila mahali mjini hufanya hivyo. SNEL ikikata umeme, jenereta huwaka upesi. Upungufu uko kwenye karatasi, na haki ya mgonjwa hushikiliwa na karatasi.

Fomu ya ridhaa ya upasuaji ni ukurasa mmoja wa Kifaransa, uliopigwa fotokopi mara nyingi hadi herufi zimefifia. Nafasi ya jina la operesheni huachwa tupu. Huletwa mgonjwa akiwa tayari kwenye machela, serumu mkononi. Saini ya namna hiyo haina uzito. Munganga (daktari) atakayepasua, si mwanafunzi wa stajia, ndiye anayepaswa kueleza ugonjwa ni nini, watafanya nini, hatari zake ni zipi, na njia nyingine ipi ipo, hata ile ya kutopasuliwa. Aeleze kwa lugha mgonjwa anayosikia: Kiswahili, Kibemba, Kiluba. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya ndugu anayemwamini, ndipo aweke dole gumba. Kusaini hakumfungi, anaweza kukataa hata mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Maabara nayo huita majina na majibu kwa sauti dirishani. Kwa kipimo cha VVU hilo ni kosa zito: sheria namba 08/011 ya 14 Julai 2008 inalinda siri hiyo. Majibu yatolewe chumbani, mlango umefungwa.

Shida kubwa iko kwenye fakture, yaani bili. Bei hazikubandikwa ukutani, kwa hiyo omba proforma, yaani makadirio ya bei kwa maandishi, kabla ya operesheni isiyo ya dharura. Siku ya kutoka, usilipe jumla peke yake. Dai kila mstari. Weka fakture kando ya fishi ya matibabu, ile ambayo muuguzi hutia saini kila anapotoa dawa. Seftriaksoni, dawa ya sindano, gramu 1 mara mbili kwa siku, kwa siku 5, ni flakoni (vichupa) 10. Zikiandikwa 14, nne hazikuingia mwilini mwa mgonjwa. Kosa hilo hutokea kwa sababu famasia hutoza kilichoandikwa kwenye ordonansi, karatasi ya dawa ya munganga, na dawa ikibadilishwa au kusimamishwa hakuna anayerudisha masalio. Glavu ni vilevile: muuguzi wa zamu ya usiku huchukua boksi zima, glavu 100, kwa jina la mgonjwa mmoja aliyebadilishiwa bandeji mara tatu tu. Mstari ulioandikwa «Divers», yaani mengineyo, bila maelezo ukataliwe mpaka ufafanuliwe. Pesa ilipwe kwenye kaunta peke yake, risiti iwe na muhuri. Kumbuka pia kwamba dawa za kifua kikuu na za VVU kutoka programu za taifa ni za bure.

Linaloumiza zaidi ni geti. Mlinzi hamwachii mtu bila bon ya kutoka, na mama aliyepona hulala siku nyingi kwenye benchi akingoja ndugu wachange, huku gharama ya kitanda ikiendelea kupanda. Deni ni jambo la madai, si sababu ya kumfungia mtu. Kifungu cha 67 cha kitabu cha pili cha kanuni ya adhabu kinatoa mwaka 1 hadi 5 jela kwa anayemshikilia mtu kwa nguvu, hila au vitisho. Muombe mkurugenzi, si mhasibu, akubali ukiri wa deni: nakala mbili, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe za kulipa, mdhamini, saini za pande zote. Wakikataa, peleka nakala za fakture kwa munganga mkuu wa zone ya afya, kwenye ofisi kuu ya zone. Baada ya hapo, parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka.

Wakati mwingine mama huachiwa lakini cheti cha kuzaliwa kwa mtoto hubaki droo ya mhasibu kama rehani. Kitoke siku hiyohiyo: kwa cheti hicho komuni huandikisha mtoto, bila malipo ndani ya siku 90 tu.