Miwani yenye kamera Lamu: uzoefu wangu na chumvi, jua na vichochoro

Kwa mtu wa Lamu anayefikiria kununua miwani mahiri, jawabu langu ni fupi: chukua ile yenye kamera na spika, iache ile yenye skrini, na ujue mapema kwamba adui yake ni chumvi. Picha zinatosha. Sauti inatosha. Betri ni ndogo lakini inavumilika. Kinachoiua kabla ya wakati ni vile vichuma vidogo vya kuchajia vilivyo chini ya daraja la pua, na hilo halitajwi na tangazo lolote. Sijaona bado tangazo la miwani lililopigwa gati la Mokowe.

Ninayovaa ina fremu nyeusi ya plastiki, kamera pembe ya kushoto, taa ya kurekodi pembe ya kulia, spika ndani ya mikono yote miwili na sehemu ya kugusa kwenye mkono wa kulia. Chapa yake sitaitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanatokana na umbo lenyewe. Ni umbo lililochukua muda kukubalika. Google Glass ya 2013 iliuzwa dola 1,500 na ikachekwa. Ray-Ban Stories ya 2021 ilikuwa na kamera dhaifu za megapikseli 5. Ray-Ban Meta ya 2023, kwa dola 299, ndiyo iliyofungua soko, hata EssilorLuxottica wanaoitengeneza wakatangaza mapema 2025 kwamba wameshauza milioni mbili. Tangu hapo kila mmoja anataka kuingia, Google na Samsung wakiwemo.

Nianze na betri. Ile ya Ray-Ban Meta ya 2023 ni mAh 154. Simu ya kawaida ina 5,000. Watengenezaji waliahidi saa nne, na toleo la pili la 2025 likaahidi nane, lakini ahadi hizo ni za matumizi mepesi: muziki kidogo, picha hapa na pale. Ukirekodi video mfululizo kwenye jua la Februari, fremu nyeusi inapata moto, na miwani hujizima yenyewe ili isiungue. Kuchaji nako kuna mpaka wake. Betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikipita nyuzi 45, kwa hiyo kasha la kuchajia lililoachwa juu ya sitaha ya mashua saa saba mchana halitii chaji hata taa yake ikiwaka. Litie ndani ya kikapu, chini ya nguo, kivulini. Kasha lenyewe lina betri ya kuijaza miwani mara kadhaa, na umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi bado unatoka na miwani iliyojaa. Hapo nawapa alama zote.

Sasa chumvi. Unyevu wa bahari ukikaa juu ya vile vichuma, kisha ukaitia miwani ndani ya kasha, umeme unapita kwenye maji ya chumvi na kuula mpako wa dhahabu. Dalili ya kwanza ni chaji inayokwenda na kurudi: ukiisukuma miwani kidogo inashika, ukiiacha inakata. Baadaye unaona ukijani, na ukishauona umechelewa. Dawa ni mazoea. Ukishuka chomboni, izime. Pangusa fremu yote kwa kitambaa laini kilicholowa maji matamu, kisha kikavu. Chukua pamba ya masikio yenye spirit kidogo, sugua vichuma vya miwani na vile vya ndani ya kasha. Spirit isiguse lenzi, itakula mpako wake. Halafu iache wazi kivulini dakika kumi kabla ya kuirudisha. Usiitie kashani ikiwa na jasho, maana kasha lina umeme muda wote, na jasho ni chumvi vilevile.

Wauzaji watakwambia ni IPX4 na haiogopi maji. IPX4 ni kustahimili matone ya kurushiwa, tena majaribio hayo hufanywa kwa maji matamu. Hata IP67 ya Oakley Meta Vanguard ina maana ya kuzama mita moja kwa nusu saa katika maji matamu, wala haisemi lolote kuhusu bahari. Wimbi la mkondo wa Mkanda likikupiga usoni, pangusa upesi. Ikianguka majini haielei, basi. Kamba ya shingoni ya shilingi mia mbili ni lazima, na isiwe ile ya chuma inayokwaruza mikono ya miwani.

Mchanga wa Shela ni shida ya pili. Unaingia kwenye bawaba, na ndani ya bawaba hupita nyaya zinazounganisha upande wa kamera na upande wa betri. Ukisikia inakwaruza, usiilazimishe. Tumia brashi laini ya rangi, miwani ikiwa imekunjwa nusu, kisha ifungue polepole. Mafuta ya kulainisha usiweke. Yatashika mchanga zaidi.

Kuhusu lenzi, hapa watu hukosea sana. Ile inayobadilika rangi kwenye jua inasifiwa, ila joto huirudisha hali yake ya weupe haraka, kwa hiyo mchana wa pwani haifikii weusi inaoufikia kwenye nchi za baridi. Kwa nahodha, au anayewapeleka wageni kuzamia Manda Toto, polaraizi ndiyo lenzi: inaondoa mng'ao wa juu ya maji na unaona mwamba na fungu la mchanga kabla hujafika. Ubaya wake ni kwamba skrini ya simu au ya GPS inaweza kugeuka nyeusi ukiitazama kwa pembe fulani; inamisha kichwa, itaonekana.

Anayevaa lenzi za daktari aulize kwanza kiwango. Ray-Ban Meta ya 2023 ilipokea kuanzia -6 hadi +4, nje ya hapo hukuweza kuagiza kwao. Ukinunua fremu Dubai na kutaka kutiwa lenzi Mombasa, mwambie fundi kabla hajaishika: fremu hii haipashwi moto. Mafundi wengi wa miwani wamezoea kuitia fremu ya plastiki kwenye hewa ya moto ili ilegee, na mikono huikunja vivyo hivyo. Ukifanya hivyo hapa, gundi inaachia na betri iliyo mkononi inaharibika. Lenzi itiwe baridi, kwa kubana. Akikataa, nenda kwa mwingine.

Kamera ni megapikseli 12 na picha husimama wima, pikseli 3024 kwa 4032. Mlingoti na tanga vinaingia vizuri. Mashindano ya majahazi hayaingii, kwa kuwa unataka upana na unapewa urefu. Lenzi ni pana, haina zumu ya kweli, kwa hiyo chombo kilicho mbali kinakuwa nukta. Inapong'aa ni kazi ya mikono. Fundi anayechonga mlango, mikono miwili ikiwa kazini, nyundo na patasi, anapata video ambayo simu isingeipata bila mtu wa kuishika. Kuna hila mbili. Kamera iko kando ya jicho la kushoto, si katikati, kwa hiyo kitu kilicho karibu kigeuzie uso kidogo kulia kiingie katikati. Na kidevu kishushe kuliko unavyodhani, la sivyo utapata ukuta wa mbele na vidole vimekatwa chini. Patasi ikisogezwa mno usoni inatoka na ukungu, kwani fokasi haibadiliki. Urefu wa mkono ulionyooka ndio salama.

Vichochoro vya Mji wa Kale vinaitaabisha. Unatoka kwenye kivuli cheusi, unakutana na ukuta mweupe uliopigwa na jua, na video inaungua sekunde moja au mbili kabla ya kujirekebisha. Tembea polepole kwenye mpaka wa kivuli, au simama kwanza.

Kuhamisha picha kwenda kwenye simu ndiko kunakokatisha watu tamaa. Miwani huanzisha Wi-Fi yake na simu hujiunga nayo. Simu ikiwa na VPN (programu ya kupitishia intaneti kwa njia ya siri), au ikikataa mtandao "usio na intaneti", inakwama katikati. Zima VPN, ruhusu programu ione mahali ulipo na vifaa vya karibu, usiondoke kwenye programu hadi imalize. Ukiacha video zijae, uhamishaji unakula betri nzima. Hamisha kila jioni, miwani ikiwa imejaa chaji.

Spika hazizibi masikio, nami nazipenda kwa hilo: punda akija nyuma unamsikia. Kwenye boti yenye injini husikii kitu, na upepo wa kusi unazifunika maikrofoni zote. Geuka uso uende na upepo ukipiga simu. Kwa mama aliyevaa mtandio, mikono ikiwa chini ya kitambaa sauti inakuwa nzito na mguso haufanyi kazi sawasawa. Ipitishe juu ya mtandio na uufunge kwa pini nyuma ya sikio.

Msaidizi wa sauti hajui Kiswahili. Amri zinatolewa kwa Kiingereza au lugha nyingine chache, na majina kama Mwanaisha au Ng'ang'a huyapoteza, kwa hiyo hifadhi namba kwa majina mafupi. Akikusomea ujumbe wa Kiswahili anausoma kwa matamshi ya Kizungu. "Nimeshafika gatini" inatoka kama lugha ya mtu anayezama. Huduma zenyewe za akili unde hufunguliwa nchi kwa nchi, basi usilipe pesa kwa sababu ya video uliyoiona ya mtu wa Marekani akiiuliza miwani yake maswali.

Taa ya kurekodi ni nyeupe, na ukiifunika kamera inakataa. Sawa, lakini juani haionekani. Mtu hajui kama unarekodi, na mji huu watu wanasalimiana uso kwa uso. Mskitini ivue. Ukikaribishwa nyumbani ivue mlangoni, itie kashani, waone. Sherehe ya Maulidi rekodi ngoma na matari, upande wa kina mama uache. Kuna na sheria: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sura ya mtu anayetambulika ni data yake, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja bila ridhaa. Mwongoza wageni anayeweka video mitandaoni kila siku aombe ruhusa kwa mdomo, huku kamera ikirekodi jibu.

Kwa nini siipendekezi ile ya skrini? Meta Ray-Ban Display ya dola 799 ina gramu 69, na kwa jasho la hapa inateleza puani. Zile za aina ya Xreal, za kutazamia filamu, hazina betri. Zinanyonya ya simu kwa waya, na simu lazima itoe picha kupitia USB-C, jambo ambalo simu nyingi za bei ya kati haziwezi. Ndani ya basi la Mombasa zinafaa. Juani picha yake ni kivuli tu.

Bei: dola 379 za toleo la pili lilipotoka 2025 ni kama shilingi 49,000 kwa dola ya shilingi 129, kabla ya ushuru na VAT ya asilimia 16. Nyingi huja mikononi mwa jamaa wa Dubai. Ukinunua iliyotumika, muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, kwa simu yake, kisha uiunganishe na yako palepale. Piga picha, ihamishe, itie kashani uone chaji inapanda bila kuisukuma, na umulike vile vichuma kwa tochi. Vikiwa na ukijani, rudisha.