TAHADHARI: fundi anayeuza hita za gesi za kuchemshia maji ya kuoga, zilizozama kwenye mafuriko, anasema "imetumika kidogo"

Jamani naandika huku natetemeka kwa hasira. Kama nyumba yako iliingia maji kaa macho na huyu fundi wa hita anayepita na ovaroli na begi la spana. Ya mafuriko mnayajua, sirudii.

Kinachoniuma ni kwamba jamaa alianza kwa kusema kweli tupu. Alichuchumaa kwenye hita yangu, akafungua kile kidirisha cha chini, akaniambia dada hii usijaribu kuiwasha kabisa, maji yakishafika pale moto unapowakia na kwenye valvu ya gesi ndo imekufa hiyo, hata ikikauka juu ndani inashika kutu, ipo siku valvu itagoma kufunga gesi ijae humu ndani muungue. Akafunga koki mwenyewe. Sasa mtu anakukatalia kazi ya kukarabati, anakupa somo bure, we ungemshuku vipi? Halafu kaletwa na jirani, si kwamba nimemwokota barabarani.

Ndo akasema anayo nyingine, imetumika kidogo, mwenyewe kahama. Akaileta inang'aa, akaifunga, akawasha mbele yangu, tukasubiri weee, akafungua bomba akasema "shika maji dada, shika mwenyewe." Nikashika, ya moto kweli kweli. Nikalipa yote palepale na chai nikampa, mshenzi yule, tena akaomba sukari iongezwe.

Basi tukawa tunaoga tunatoka vichwa vinagonga, watoto wanasikia kichefuchefu, mi nikadhani mafua. Shemeji ndo akaleta fundi mwenye leseni. Kufungua tu, akapitisha kidole ndani kikatoka na tope. Tope! Sufi inayozunguka tangi bado chepechepe, yaani na hii nayo ilizama, kapiga rangi tu kuficha alama ya maji. Moto wenyewe wa njano, wakati unatakiwa uwe wa bluu, maana yake gesi haiungui vizuri inatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mnalala hamuamki. Kumbe hata ile lebo yenye namba ya mashine ilikwanguliwa, lakini nani anakagua lebo mtu keshakuonyesha maji ya moto?

Nimempigia, kanibloku. Meseji zangu kasoma zote.

Huyu msiniambie habari za kurudishiwa hela. Huyu afungwe, na huko jela aogee hita yake mwenyewe, mlango umefungwa na madirisha yote. Anajua kabisa anachouza, si alinifundisha mwenyewe! Na kama alishakuuzia na wewe, funga gesi sasa hivi, fungua madirisha, toa watoto nje, halafu ndo uje inbox tuunganishe majina, kesi nafungua na sitaki kwenda polisi peke yangu.