Kozi ya ng'ambo ya ualimu wa fimbo nyeupe: inafaa, ila uulize kabla ya kulipa

Kozi ya kuwafundisha watu wasioona kutambua mazingira na kutembea wenyewe niliisomea katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, ambacho sitakitaja kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si ya kukisifu. Kwa ujumla ninaipendekeza, na sababu kubwa ni kwamba sehemu nzuri ya masomo yake haikufanyika darasani bali barabarani, mwanafunzi akiwa amefungwa kitambaa machoni na fimbo iko mkononi.

Wahadhiri walianza na asili ya mbinu zenyewe, na hawakuishia kuisimulia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Richard Hoover, aliyekuwa akiwahudumia askari waliopofuka katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, aliona kuwa mkongojo mfupi wa kuegemea haumfai mtu anayetaka kujua kilichoko hatua moja mbele yake, akabuni fimbo ndefu na nyepesi pamoja na namna ya kuipeleka kushoto na kulia. Tulipewa zote mbili kwa zamu. Kwa mkongojo, ngazi ya kushuka niliitambua mguu ulipokwisha kuning'inia. Kwa fimbo ndefu, ncha ilizama kabla sijafika ukingoni, nami nikapata nafasi ya kusimama. Baada ya zoezi hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini ncha hugusa upande wa kushoto wakati mguu wa kulia unatangulia, yaani pale ambapo mguu unaofuata utakanyaga.

Somo la kuvuka makutano ndilo lililofundishwa vizuri kuliko yote. Mwanafunzi husikiliza magari yanayokatiza mbele yake mpaka yasimame, kisha hungoja ngurumo ya yale yaliyo sambamba naye yanapoondoka, na hapo ndipo huanza kuvuka, akiitumia sauti hiyo hiyo kunyoosha mwendo wake. Mkufunzi naye hujifunza kazi iliyo ngumu zaidi, ambayo ni kunyamaza: asimame karibu kiasi cha kumzuia mwanafunzi asigongwe, lakini asisikike, kwa maana mwanafunzi akishajua mwalimu aliko huacha kuyasikiliza magari. (Magari ya umeme, ambayo yakienda polepole hayasikiki vizuri, yanastahili somo lake peke yake, hapa yaligusiwa tu.)

Udhaifu wa kozi ulijitokeza pale barabara ilipokosa mpangilio. Karibu kila zoezi lilitegemea njia ya waenda kwa miguu yenye ukingo unaogusika, taa za kuongozea magari na kona za mraba. Barabara isiyo na ukingo, ambayo mtembeaji huifuata kwa kuhisi tofauti ya lami na udongo au majani, ilipewa mhadhara mmoja wa haraka, ilhali huko ndiko wengi wa wanafunzi wetu watakakotembea. Watu wenye uoni hafifu nao walisahauliwa, ingawa watu wengi wenye ulemavu wa macho hubaki na kiasi fulani cha kuona, na mtu wa namna hiyo hafundishwi sawasawa na asiyeona kabisa.

Lililoniudhi zaidi ni namna mwenzetu asiyeona alivyotendewa. Alitafutiwa nafasi ya mazoezi kwa kusitasita, eti hataweza kumlinda mwanafunzi. Ajabu ni kwamba kituo cha Hines, karibu na Chicago, kilichoanza kuwafundisha askari waliopofuka mwaka 1948, kiongozi wake wa kwanza, Russell Williams, mwenyewe alikuwa haoni. Anayejali jambo hili aitazame programu ya chuo kikuu cha Louisiana Tech, Marekani, ambayo huwaandaa walimu wasioona bila kuwaona kama mzigo.

Kabla ya kulipa ada, uliza saa za mazoezi yenye msimamizi ni ngapi, na msimamizi mwenyewe ni nani. ACVREP, shirika linalotoa vyeti vya walimu hawa Marekani, hudai saa 350, na cheti chake huhuishwa kila baada ya miaka 5 kwa kuonyesha kuwa mwalimu ameendelea kujifunza, gharama ambayo haikuwa katika hesabu tuliyopewa wakati wa kujiandikisha.