Pigeni Picha na Majivu: Uzoefu Wangu wa Mwaka Kogwa

"Pigeni picha na majivu, mama zangu, hayo nayo ni ya Mwaka Kogwa." Hivyo ndivyo kiongozi wa msafara wetu alivyotuambia tulipoteremka kwenye kosta huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye sherehe hiyo ya mwaka mpya, tena huku akicheka, wakati kibanda tulichosafiri karibu kilomita 1,000 kuja kukiona kikichomwa kilikuwa kimekwisha kugeuka duara jeusi linalofuka moshi mwembamba. Nilikusudia kuandika maoni haya nikiwa nimetulia, na nilidhani nimetulia mpaka nilipoyaandika maneno yake.

Sisi ni wanawake 14 wa kikoba kimoja hapa Mbeya, wengi wetu wafanyabiashara wa Soko la Mwanjelwa. Tulipovunja kikoba tulikubaliana kwamba safari hii fedha zote zisiishie kwenye ada na mabati, bali sehemu yake itupeleke Unguja mwezi wa Julai, wakati ambapo huku kwetu maji ya kuoga yanauma kama siafu. Wakala mmoja wa safari mwenye ofisi hapa mjini alituuzia kifurushi, na sharti letu kwake lilikuwa moja tu, ambalo nililitamka mimi mwenyewe mbele ya binti aliyekuwa akiandika risiti: ufukweni tutakwenda tukipata nafasi, Mji Mkongwe tutautembelea tukipata nafasi, lakini kibanda cha Makunduchi ni lazima tukikute kimesimama.

Njiani hatukupata shida. Basi lilishuka Kitonga salama, boti iliondoka bandarini kwa wakati, wenzangu kadhaa walitapika, na nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia kwa bei ile. Hayo wakala aliyafanya vizuri na sitamnyima haki yake.

Asubuhi ya siku yenyewe tuliondoka mjini tukielekea kusini. Tulipokuwa bado hatujakaribia, kosta ikakata kona na kusimama mbele ya duka lililoandikwa kwa rangi nne, na kiongozi akatangaza kwamba tuna dakika 20 za kununua viungo vya Zanzibar. Msomaji anapaswa kuelewa kwamba mimi ninauza viungo. Nimekaa nyuma ya meza ya iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu kwa miaka mingi, na karafuu ninayoiuza inatoka hukohuko visiwani. Nilichukua kipakiti kimoja kilichofungwa kwa utepe, nikakipima kwa kiganja, nikanusa, nikatazama bei, nikakirudisha. Ilikuwa karafuu ya zamani iliyokwisha kupoteza mafuta, na kwa bei ile mimi ningempa mteja robo kilo na nyongeza juu yake.

Dakika 20 zikawa saa nzima, kisha zikapita saa. Dereva alikuwa ameondoka kwenda kula. Kiongozi alikuwa ameegemea kaunta akingoja kuhesabiwa cha juu chake, na kila mmoja wetu aliyeingia dukani alimsindikiza kwa macho kama mtu anayehesabu mifugo. Nikamfuata kwa upole kabisa, nikamwambia, "Mdogo wangu, kibanda hakitachomwa tukiwa hapa?" Akanijibu bila kugeuka, "Mama, Zanzibar hakuna haraka. Haraka zenu mngeziacha hukohuko Mbeya kwenye baridi."

Ningeweza kumsamehe ucheleweshaji, kwa sababu hata mimi huchelewa. Jibu lile ndilo lililonikaa kooni.

Tulipokuwa tumepita msitu wa Jozani na kuanza kuikaribia Makunduchi, mwenzetu aliyekaa dirishani aliona moshi ukipanda juu ya minazi, akasema, "Ule si moshi ule?" Kiongozi akasema ni watu wanachoma takataka. Kosta nzima ilinyamaza. Wanawake 14 waliokulia mashambani wanaujua moshi wa takataka, na wanaujua moshi wa makuti makavu, ambao hupanda kwa ghafla, mzito na mweupe, kisha ukakatika.

Kwa asiyefahamu, Mwaka Kogwa ni sherehe ya kuuaga mwaka na kuupokea mwingine, inayofuata mwaka wa jua wa siku 365 ambao mabaharia na wakulima wa pwani waliutumia kuhesabia misimu, na asili yake hunasibishwa na Nauruzi ya Waajemi. Sherehe huchukua siku nne, lakini kiini chake kiko siku ya kwanza: wanaume wa pande mbili za mji huchapana kwa vigogo vya migomba ili kinyongo cha mwaka mzima kiishie hapo uwanjani, wanawake huimba wakiwarushia wanaume maneno ambayo siku nyingine yangeleta kesi, kisha hujengwa kibanda cha makuti, watu wakaingia ndani, kikatiwa moto, nao wakachomoka mbio huku umati ukitupa udongo kwenye ndimi za moto. Hicho kibanda huungua kwa dakika chache tu. Ukichelewa kwenye ngoma utazikuta bado zinapigwa, na ukichelewa kwenye chakula utawekewa, lakini makuti hayamngoji mtu aliye kaunta.

Kwa hiyo tulikuta uwanja uliotapakaa vigogo vya migomba vilivyopondwa mpaka vikawa nyuzi, utelezi wa maji yake chini, na vijana wenye madoa ya utomvu vifuani wakicheka pamoja na watu waliokuwa wakichapana nao muda mfupi uliopita. Mmoja alijaribu kutueleza jinsi moto ulivyokuwa, akionyesha kwa mikono, na nilimsikiliza kama mtu anayesimuliwa harusi ya mwanawe mwenyewe. Hapo ndipo kiongozi wetu alipoitoa ile kauli ya majivu, akanyoosha mkono achukue simu yangu anipige picha. Sikumpa simu.

Ningeishia hapo, maoni haya yangekuwa mafupi na hukumu yake ingekuwa moja: msiende na wakala huyu. Lakini kuna jambo lililonivuruga. Makunduchi wana desturi kwamba siku ya Mwaka kila nyumba ipate mgeni, na anayekosa mgeni huona amekosa jambo. Tulipokuwa tumesimama kando ya uwanja tumenuna, bibi mmoja aliyevaa kanga mpya ambayo bado ilikuwa na ukakamavu wa dukani alikuja akatushika mikono, wawili wawili, akatuelekeza nyumbani kwake kama vile alikuwa na miadi nasi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaendelea kuzungumza Kikae, lahaja ya Kiswahili ya hukohuko Makunduchi, na mwanawe, nasi tukaambulia neno moja moja tu, ingawa kila mmoja wetu hujisifu kuwa Kiswahili anakijua.

Tulikuwa tumebeba mchele wa Kyela kilo tano kwa ajili ya zawadi, bila kujua tutampa nani. Nilipompa, hakusema asante kwanza. Alifungua mfuko, akachota kiasi kidogo, akakisugua kati ya viganja, akanusa, akakaa kimya, akanusa tena, kisha akaniuliza, "Huu mmeulima wapi, mwanangu?" Nikamweleza habari za Kyela na mabonde yake, naye akamwita jirani aje kunusa. Wanawake watatu wa Makunduchi walisimama kizingitini wakinusa mchele wa kwetu, na kwa mara ya kwanza siku ile nikasahau hasira zangu. Tulikula wali na samaki, akatufafanulia nyimbo zilizokuwa zikiimbwa uwanjani, na wenzangu wakacheka mpaka mmoja akaomba maji. Sitaziandika hapa.

Aliyetangulia kunawa mikono, lazima niseme, ni kiongozi wetu. Alijipakulia kabla ya wazee, na kesho yake aliandika kwenye kundi letu la simu kwamba kampuni "iliwaandalia wageni chakula cha asili katika familia ya wenyeji". Hakuandaa hata chumvi.

Tuliporudi Mbeya nilikwenda ofisini kudai sehemu ya fedha zetu. Wakala alinisikiliza, akasema sherehe ni ya siku nne na sisi tulihudhuria, jambo ambalo siwezi kulikana, kwa kuwa usiku ule tulikesha kwenye ngoma na nilicheza mpaka viatu vikakatika. Kisha akafungua droo, akanikabidhi fidia: kipakiti cha karafuu kilichofungwa kwa utepe. Nilikitambua. Nilikiacha mezani pake, nikatoka, nikarudi kukichukua ili kiwe ushahidi.

Kwa hiyo niwashaurije? Mwezi uliopita ningesema mtafute usafiri wenu wenyewe, kwani barabara ya Makunduchi haimshindi mtu mwenye mdomo wa kuuliza. Leo naona aibu kidogo kukiri kwamba tumeketi, tukapiga hesabu, na hakuna mwingine hapa mjini aliyetupa bei inayokaribia yake kwa kundi zima, na bibi ameshatuma salamu mara mbili akiuliza kama mchele utakuja. Wenzangu tisa wamekwisha kujiandikisha kwa Julai ijayo. Mimi ni wa kumi. Nimelipa kiasi cha awali, na nyuma ya risiti nimemlazimisha wakala aandike kwa mkono wake mwenyewe na kutia saini: "Hakuna kusimama dukani."