Haibiskasi ya kwenye ndoo, Mtwara: mche mzuri, udongo mbovu

Haibiskasi hii ninayo tangu kabla ya mvua zilizopita. Imepita masika, ikapigwa na kusi mpaka likatulia, kwa hiyo nasema bila papara: mche unastahili bei yake, lakini udongo uliokuja nao haukustahili hata kupakiwa kwenye bajaji.

Niliinunua kwa muuza miche wa barabarani hapa Mtwara mjini, mmoja wa wale wanaopanga viriba chini ya mwembe pamoja na mipapai, michungwa na minazi mifupi. Alianzia elfu kumi, tukafika elfu nane kwa sababu nilibeba na mlimau. Yangu ni ile ya kawaida, maua mekundu yenye petali tano. Za njano na za rangi ya chungwa alikuwa anaziuza ghali zaidi, akasema zimebebeshwa kama mikorosho ya kisasa. Hilo halikunishangaza, maana aina nyingi za rangi zisizo za kawaida hubebeshwa juu ya shina la aina ngumu. Ukichukua ya namna hiyo, chipukizi lolote linalotokea chini ya kovu la kubebeshea liondoe mapema, la sivyo shina la chini litautawala mmea na utabaki na ua usilolilipia.

Maelekezo yake yalikuwa mafupi: "Dada, hili ua halina shida. Kikombe cha maji asubuhi, weka kivulini, basi." Ni maneno ya kuuzia hayo. Haibiskasi ni ndugu wa bamia, choya na pamba; hata mbuyu siku hizi wataalamu wanauingiza kwenye ukoo huo huo. Sasa nani amewahi kuvuna bamia za maana kivulini? Ukiiweka kivulini itaishi, itatoa majani ya kijani kibichi yanayopendeza, ila maua utayasikia kwa majirani. Ya kwangu iko upande wa mashariki wa baraza, inaota jua kuanzia linapochomoza hadi karibu saa sita mchana. Jua la alasiri nimeikinga, kwa sababu uwanja wetu ni wa saruji, na saruji ikishapata moto hata ukipita pekupeku unaruka. Mizizi iliyo ndani ya chombo cheusi cha plastiki juu ya saruji hiyo inapikwa.

Wiki ya kwanza vitumba vyote ilivyokuja navyo vilidondoka, hakuna hata kimoja kilichofunguka. Jirani akaniambia nimepigwa. Sikupigwa. Mmea huu ukihamishwa, mwanga ukabadilika, maji yakapishana, kitu cha kwanza unachoacha ni vitumba. Anayemrudishia muuzaji mche kwa sababu hiyo anamwonea. Ngoja utoe majani mapya, ndipo uuhukumu.

Ninachomlaumu muuzaji ni udongo. Kiriba kilikuwa na udongo mwekundu ulioshindiliwa hadi maji yakawa yanasimama juu, halafu yanatoroka pembeni bila kugusa katikati. Nilipokichana nikakuta mizizi imejizungusha chini. Kwa bei ile mtu ategemee walau samadi kidogo humo ndani. Nilipukutisha sehemu kubwa ya udongo huo taratibu, nikaihamishia kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini, nyeupe, iliyotobolewa chini kwa msumari wa moto. Ndani niliweka mchanga wetu huu huu wa Mtwara, samadi ya mbuzi iliyoiva vizuri, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi yanashika maji, jambo ambalo mchanga wetu haulijui, ila yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa kwanza, hasa yakiwa yametoka ufukweni, kwa sababu yanakuja na chumvi.

Chumvi ndiyo habari yenyewe kwa sisi wa pwani. Bomba likikauka tunachota kisimani, na maji ya visima vingi vilivyo karibu na bahari yana munyu. Nyanya za bustanini zinaweza kuvumilia kwa muda kwa kuwa mvua ikija inaisukuma chumvi chini kabisa. Kwenye ndoo haina pa kwenda. Maji yanapaa na upepo, chumvi inabaki, kila siku inaongezeka kidogo, na mwisho unaona ncha na kingo za majani zinakuwa kahawia kama zilizounguzwa na pasi. Kile kikombe cha asubuhi kinazidisha tatizo, kwani kinalowesha juu tu. Mimi namwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha nasubiri. Naingiza kidole kwenye udongo. Juu pakikauka namwagilia tena. Kipindi cha joto ni kila siku, kusi likivuma sana huenda ikawa asubuhi na jioni, na mvua za Januari zikishika simwagilii kabisa. Mvua hizo nazikinga kwenye pipa, maana ndizo maji bora inayopata mwaka mzima. Nikilazimika kutumia ya kisima, basi siku ya maji yasiyo na munyu, ya bomba au ya mvua, naisuuza ndoo kwa kumwaga mengi mfululizo.

Wadudu waliokuja ni vidung'ata, wale weupe kama pamba kwenye maungio ya majani. Uliona sisimizi wanapanda na kushuka shina? Basi vidung'ata wapo au wako njiani, kwa sababu sisimizi wanafuata utomvu mtamu wanaoutoa, na wanawalinda. Bibi wa nyumba ya pili aliponiona nawachokonoa na kijiti akaniita.

"Mjukuu wangu, si upulizie salfa? Mikorosho yote inapona kwa salfa."

"Bibi, salfa ni ya ubwiri unga. Hawa ni wadudu."

"Haya, basi watie majivu."

Sikumbishia mara ya pili. Lakini nawaambia ninyi: huku kwetu kila nyumba yenye shamba ina salfa stoo, na kishawishi ni kikubwa. Salfa inapambana na ukungu, vidung'ata haiwatishi, na ikipigwa wakati wa jua kali inaweza kubabua majani. Majivu nayo yana faida yake shambani, ila haibiskasi inapenda udongo wenye uchachu kidogo na majivu yanauondoa. Yakizidi utaona majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Kilichonisaidia ni sabuni ya maji, kijiko kidogo kwenye lita moja ya maji, jioni jua likishapoa, chini ya majani hasa, nikarudia kila wiki hadi wakaisha.

Mbolea si mambo mengi. Samadi juu ya udongo kila baada ya muda, na mbolea ya dukani ya NPK, kiganja kisichojaa kila baada ya miezi kadhaa. Urea inaleta majani tu. Kupogolea ni muhimu zaidi: maua yanatoka kwenye ncha za matawi mapya, hivyo tawi lisilokatwa linazidi kurefuka na kuwa tupu. Mimi nakata karibu na mwanzo wa mvua, theluthi hivi, halafu navumilia wiki kadhaa bila ua.

Na ujue unanunua nini. Ua moja linafunguka asubuhi na jioni limeshajikunja. Ukitaka maua ya kukata uweke mezani kwa wageni, hili si lako. Linachofanya ni kutoa mengine kesho, na kesho kutwa, mradi lina jua. Ndege chozi wanakuja kunyonya kila asubuhi na sijawahi kuwalipia chochote.

Mche naupa nyota nne kati ya tano. Huduma ya muuzaji, mbili: mkarimu, hakudanganya aina, lakini maelekezo yake yangeua mmea wa mtu asiyejua. Nitarudi kwake kuchukua ya njano. Safari hii nitamwomba afungue kiriba mbele yangu nione mizizi, na nikikuta udongo ule ule, elfu mbili zinapungua hapo hapo. Walioko Shangani karibu kabisa na bahari, ambako upepo wa bahari unaleta chumvi hadi barazani, wawe na ukuta au uzio wa makuti wa kuikinga kabla ya kutoa hela.