Taa ya mbele ya pikipiki kwa sisi wa Tanga: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani, na waya uzifunge vipi

Ukipita maduka ya spea pale Ngamiani sa hivi utakuta taa za LED zimetundikwa mlangoni za kila aina, za macho mawili, za pete ya bluu, za vidoti sita, na muuzaji anakuchomekea kwenye betri mchana kweupe anakumulika usoni halafu anakuuliza umeuona huo moto? Na wengi tunanunua kwa kipimo hicho hicho, ikiumiza macho basi ni kali. Sasa taa inayokuumiza macho wewe hapo dukani ndo itakayomuumiza mwenzio anayekuja usiku kutoka Pongwe na abiria nyuma, na bado chini kwenye lami isikuoneshe shimo wala baiskeli. Na Tanga baiskeli tunazo nyingi, nyingine zimebeba mkaa au nazi na hazina hata kirifleta nyuma. Ukiwa spidi 60 unakula karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo mwanga unaofika mbele kwa mpangilio ni roho ya mtu, siyo urembo.

Mimi napanga hizi taa kwa mambo matatu tu. Mwanga unatua wapi, pikipiki yako inaweza kulisha umeme kiasi gani, na je itastahimili chumvi yetu ya bahari na mvua za masika. Bei inakuja baadae, maana taa ya bei rahisi unayoinunua mara tatu siyo rahisi tena.

Kabla hujatoa hela jua kwanza taa yako inakula umeme gani. Washa ufunguo bila kupiga kiki, washa taa. Ikiwaka inakula kwenye betri, hiyo ni DC. Isipowaka mpaka injini izunguke, na ukivuta mafuta mwanga unapanda, ukiachia unafifia, basi karibu hakika inatoka moja kwa moja kwenye koili ya mwanga, hiyo ni AC, na pikipiki nyingi ndogo za kuanzia cc 100 mpaka 150 ziko hivyo. Ukitaka uhakika weka testa (ile mita ya kupimia volti na ampia) kwenye volti za AC upime kwenye soketi injini ikizunguka. Hapa ndo pesa za watu wengi zinapopotelea, mtu ananunua LED inayotaka DC anaichomeka kwenye AC, inachezacheza wiki kadhaa halafu inakufa, anarudi kugombana na muuzaji kumbe shida iko kwenye pikipiki yake.

Haya, tuje kwenye zenyewe.

Naiweka ya kwanza kabisa globu ya kawaida ya halojeni, mpya, orijino, ya wati 35/35, yaani 35 kwenye fulu (mwanga wa mbali) na 35 kwenye dimu (mwanga wa chini), ila waya zake zikiwa safi. Najua watu watanicheka lakini nasema kwa moyo wangu wote, boda nyingi hapa mjini hazina shida ya globu, zina shida ya umeme kutofika kwenye globu. Pikipiki inayolala Sahare au Raskazone karibu na maji, chuna waya wa taa urefu wa vidole vitatu uangalie, shaba imeshakuwa ya kijani na nyeusi, ukiikunja inavunjika kama mwiko wa zamani. Umeme ukipita hapo unapungua njiani. Chukua pikipiki ya DC, pima kwenye betri injini ikizunguka, tuseme umepata 13.5, halafu pima kwenye soketi ya taa ikiwa inawaka, ukikuta 12 na kidogo umeshapoteza asilimia 10 ya volti, na kwenye halojeni hiyo asilimia 10 inakula karibu asilimia 30 ya mwanga. Yaani theluthi ya taa yako imebaki kwenye waya. Badilisha waya, funga rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), safisha ethi (waya unaorudi hasi), futa rifleta, kile kikombe cha kung'aa ndani ya taa, kama haijachubuka, utashangaa. Kama ni AC hiyo halojeni usiihamishie kwenye betri hovyo, maana upande wa kuchaji wa hizo pikipiki mara nyingi ni dhaifu na wati 35 muda wote zitakumalizia betri, wewe safisha waya na ethi uiache hapo hapo kwenye koili. Na globu ya halojeni usiishike kioo kwa vidole, jasho na mafuta ya mkono yanafanya kioo kipate joto bila usawa na inakufa mapema, ukiigusa ifute na spiriti.

Ya pili ni spoti mbili ndogo za LED za kuongezea, zinazofungwa kwenye bampa au chini ya taa kubwa, huku taa yako ya kawaida inabaki kama ilivyo. Hizi ni za mtu anayetoka mjini usiku, njia ya Muheza na Segera au Horohoro kule giza limeshikana na malori yanakuja mfululizo, au anayekata njia za ndani za mashamba ya mkonge. Uzuri wake ukikutana na mtu unazizima na bado una dimu yako ya halali. Lakini hapa kuna mtego. Hizi spoti rahisi za mtindo wa U7 nyingi zina modi tatu, kali, hafifu na ya kumetameta, na kila ukizima ukiwasha inaruka modi inayofuata. Ukizifunga kwenye swichi ya fulu na dimu, siku unamwashia mwenzio fulu zinaanza kumetameta barabarani, anadhani wewe ni gari la wagonjwa. Muulize muuzaji akuzimie na kukuwashia mara nne mfululizo, ukiona inabadilika mwambie akupe ya modi moja. Chagua zenye lenzi inayokusanya mwanga, geuza nyuma uone mapezi ya kupozea ni chuma cha kweli na yana uzito, pitisha kucha pembeni ya lenzi uone kama mpira wa kuzuia maji umezunguka wote. Ukikuta sehemu gundi imeruka iache, ikifika Aprili ndani itakuwa na maji.

Na msidanganywe na wati. Mtu anakuambia hii wati 100, sawa, wati gawanya kwa volti 12 unapata ampia, wati 100 ni zaidi ya ampia 8. Beba testa yako, iweke upande wa ampia 10, iunge katikati ya betri na taa. Ikisoma 1.3 hiyo ni taa ya wati 15 na ushee, na wala siyo mbaya, wati 15 za LED nzuri zinatosha kabisa, ubaya ni kulipia 100. Mwenye duka anayekataa usipime mwache na taa zake.

Ya tatu, globu ya LED ya kuchomeka mahali pa ile ya zamani. Hii kwa pikipiki za AC ningeipandisha mpaka ya pili, kwa sababu ukiilisha kutoka kwenye betri inakula wati 15 mpaka 20 tu na mwanga haufifii ukiwa kwenye saileni, injini ikizunguka polepole. Lakini lazima iwe yenye umbo sahihi. Ndani ya globu ya halojeni ya aina ya HS1 (hiyo ya wati 35/35) au H4 (kubwa yake) waya wa dimu umekaa mahali maalumu na una kikombe chini yake kinachozuia mwanga usipande juu, rifleta yote imechongwa kufuata sehemu hiyo. Kwa hiyo LED iwe na vipande vyembamba vya pande mbili, upana wake usizidi sana ule waya, vikae pale pale waya ulipokuwa, na ukishaichomeka vitazame kulia na kushoto, siyo juu na chini. Zile nene zenye chipu za njano pande zote mpaka kwenye pua ziache, zinatawanya mwanga kila mahali, juu ya miti unaona, shimo huoni. Yenye feni inapoa vizuri lakini vumbi na chumvi vinaua feni, yenye mkia wa shaba wa kupozea inadumu zaidi kwetu ila uutandaze nyuma ya taa usiusokote. Rangi usitafute ile ya bluu bluu. Chukua nyeupe ya kawaida au inayoelekea njano, hasa kama unapanda Lushoto au Amani kwenye ukungu, nyeupe kali inakurudia usoni kama ukuta.

Taa nzima ya LED ya kubadilisha na kava lake naiweka ya nne. Zipo nzuri, lakini nyingi zimetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, China ikiwemo, na sisi tunaendesha kushoto. Dimu iliyotengenezwa vizuri ina mstari wa juu wenye ngazi, upande mmoja umepanda kidogo ili umulike pembeni ya barabara. Kwetu ngazi inatakiwa ipande kushoto. Ukinunua ya kulia unammulika machoni kila anayekuja mbele yako na hakuna kurekebisha kutakakosaidia. Omba uimulike ukutani, mita tatu nne, angalia ngazi inapanda wapi. Mstari ulionyooka hauna shida.

Globu za H4 za wati 60/55 au 100/90 kwenye pikipiki ndogo hapana. Ni kweli H4 inatoa lumeni kama 1650 kwenye fulu, karibu mara mbili ya HS1, na zinafanana kiasi kwamba mafundi wanakwangua masikio wanaichomeka. Lakini umetoka ampia 3 umefika 5, swichi ya mkononi inaungua, soketi inakuwa kahawia, rifleta ya plastiki inalainika na kufubaa. Taa ya gesi ya zenoni ndo ya mwisho kabisa, inachelewa kupata moto, kurudisha fulu na dimu ni shida, na kwenye rifleta ya kawaida inapofua watu. Iacheni.

Sasa waya, na hapa fundi asikuharakishe. Waya mkubwa wa mm² 1.5 wa nyuzi nyingi, usikubali ule wa nyumba wa uzi mmoja, mtikisiko wa pikipiki unaukata. Kutoka chanya ya betri, fyuzi iwe karibu kabisa na betri, siyo mbele kwenye taa, maana waya ukichubuka katikati fyuzi iliyoko mbele haitakusaidia kitu. Spoti mbili za wati 20 zinakula ampia 3 na kitu, fyuzi ya 5 inatosha. Kutoka fyuzi nenda rilei namba 30, namba 87 iende kwenye taa, namba 85 ethi, na namba 86 ndo inayopokea amri ya swichi. Kwenye pikipiki ya DC hiyo 86 itoe kwenye waya wa fulu ukipitishia kaswichi, hivyo ukirudisha dimu spoti zinazima zenyewe. Kwenye AC usifanye hivyo, rilei ya DC ikipewa AC inanguruma na kutetemeka tu. Chukua amri kwenye waya wa ufunguo, kwa mfano ule unaolisha honi au taa ya breki, nayo uipitishie kaswichi ili uzizime mwenyewe. Rangi za waya usiziamini, kila kampuni ina zake na pikipiki nyingi zimeshapita mikononi mwa mafundi wengi, amini testa.

Ethi ya taa ipeleke mpaka hasi ya betri, au kwenye fremu uliyoikwangua rangi kwa msasa ukafunga boliti na kupaka grisi juu. Viungo vichomelewe risasi na kuvalishwa mpira wa kubana kwa moto, tepu peke yake kwa joto la Tanga inayeyuka gundi mwezi tu. Shingoni pa usukani acha waya ulegee, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia uone haubanwi, hapo ndo waya nyingi zinakatika. Ukiwa umemaliza pima betri injini ikizunguka kwa kasi ya kawaida, iwe kama 13.8 mpaka 14.5. Ikifika 16 rektifaya, kile kifaa kinachodhibiti chaji, imekufa na ndo imekuwa ikikuunguzia globu, usinunue taa nyingine kabla hujaibadilisha.

Kulenga taa fanya usiku, ukutani, mita 5, upepo wa tairi uwe sawa, umekaa mwenyewe na abiria wako nyuma maana abiria akipanda nyuma inashuka na taa inainuka. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani, mstari wa juu wa dimu ukae chini ya alama hiyo sentimita 5 mpaka 10. Halafu piga safari fupi, nenda Pongwe urudi taa zikiwaka, ukifika tu shika kwa kidole kila kiungo ulichofunga, rilei, fyuzi, soketi. Vuguvugu ni kawaida. Kinachokuchoma kidole kifungue hapo hapo kabla hujalala, kuna waya haujabanwa vizuri.